Kisima kikiingia chumvi, nani atamwambia jirani?

Kosa nitakalolisimulia hapa ni langu mwenyewe. Nalisimulia kwa kuwa huenda likakufaa wewe au jamaa yako anayeishi karibu na bahari.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Februari, mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba aliletwa kwenye kliniki yangu hapa Mombasa na mama mkwe wake. Walitoka kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Kichwa kilikuwa kikimuuma na miguu ilikuwa imevimba. Nilipompima shinikizo la damu nilipata 150 kwa 100, ingawa mkojo ulikuwa bado safi. Nikampa dawa, nikampangia siku ya kurudi, kisha nikamwambia maneno ambayo sisi madaktari huyasema bila hata kufikiri: "Mama, punguza chumvi."

Aliporudi baada ya wiki moja, shinikizo lilikuwa 160 kwa 110 na mkojo ulikuwa na protini. Hiyo ni hatari kubwa. Hali kama hiyo isipodhibitiwa huweza kuleta kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Nikampeleka hospitali siku hiyo hiyo. Nikiwa naandika barua ya rufaa niliuliza, tena kwa ukali kidogo, iwapo kweli walipunguza chumvi. Mama mkwe akanitazama kama mtu anayemsikitikia mwenzake.

"Chumvi ya mezani tuliiacha siku ile ile, daktari," akasema. "Lakini chai ya kwetu ukiionja, hata sukari haiifichi chumvi."

Sikuwa nimeuliza wanakunywa maji gani.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake lakini yu hai, na mamaye yu hai. Siwezi kuapa kwamba maji ya kisima ndiyo yaliyompandisha shinikizo. Ugonjwa huu una visababishi vingi, na wapo kina mama waliokunywa maji matamu maisha yao yote na bado ukawapata. Hata hivyo, yapo mambo ambayo daktari wa pwani hana udhuru wa kutoyajua. Katika eneo la Dacope, kusini-magharibi mwa Bangladesh, ambako bahari imeingia visimani na mitoni, watafiti waliwachunguza wajawazito na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2011. Waligundua kwamba shinikizo la damu la ujauzito liliongezeka wakati wa kiangazi, maji yanapokolea chumvi, kuliko wakati wa mvua. Walikadiria kuwa maji ya kunywa peke yake yaliwaingiza watu hao gramu 5 hadi 16 za sodiamu kwa siku wakati wa kiangazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, na hizo zikiwa pamoja na za chakula. Gramu 2 za sodiamu ni sawa na gramu 5 za chumvi, yaani takriban kijiko kimoja cha chai.

Kwa nini kisima kilichomnywesha babu maji matamu kimnyweshe mjukuu chumvi? Chini ya ardhi ya pwani, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi. Wataalamu wa maji wana kanuni yao ya zamani. Wanasema kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu hiyo. Maji ya juu yakishuka kwa nusu mita tu, chumvi iliyo chini huweza kupanda mita 20. Ndiyo maana kisima huonekana kimejaa kama kawaida, kamba ni ile ile na ndoo ni ile ile, lakini maji yamegeuka.

Yanayoshusha maji hayo ya juu ni kukosekana kwa mvua, kama tulivyoshuhudia katika ukame wa 2020 hadi 2023, pamoja na pampu zinazonyonya kupita kiasi. Bahari nayo inapanda, kwa kuwa dunia imepata joto, barafu inayeyuka na maji yenyewe hutanuka yakipata joto. Tusiibebeshe tabianchi lawama zote. Mtu aliyechimba kisima kirefu na kufunga pampu ya kujaza bwawa la kuogelea hana haki ya kusingizia hewa ya ukaa. Lakini kiangazi kikiwa kirefu, hata kijiji kisicho na pampu hata moja huonja chumvi.

Jambo moja nalieleza karibu kila siku, na bado huwashangaza hata wasomi. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Kuchemsha huua vijidudu, nayo ni kazi kubwa, lakini chumvi hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke huwa makali zaidi. Dawa ya klorini vilevile haiondoi chumvi. Dawa ya maji ya chumvi ni kupata maji mengine, angalau ya kunywa na ya kupikia. Maji ya kisima yabaki ya kufulia na kuoshea vyombo. Na tafadhali, mjamzito asije akapunguza kunywa maji kwa kuogopa chumvi, maana atajiletea shida nyingine.

Sasa nije kwenye kile kilichoniuma zaidi. Mama mkwe yule aliniambia kwamba katika kijiji cha pili, mwendo wa kama saa moja kwa miguu, watu walikwisha kuacha kunywa maji ya kisima chao wakati wa kaskazi. Walikuwa wakikinga maji ya mvua ya masika na vuli kwenye matangi, wakiyatunza kwa kinywa tu. Kumbe jibu lilikuwapo. Vijiji hivyo huoana, huzikana na huuziana samaki, lakini habari ya maji haikuvuka. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Nani aseme kisima chake kimeharibika? Watasema tumelaaniwa."

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba kasoro ya elimu ya tabianchi ni uchache wa vijitabu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka umma uelimishwe na somo hili lifundishwe shuleni, na makaratasi hayajakosekana. Niliwahi kualikwa kwenye semina katika hoteli moja ya ufuoni, tukapewa kila mtu kijitabu cha Kiingereza, karatasi inang'aa, na kwenye jalada yupo dubu mweupe amesimama juu ya barafu. Mvuvi wa Pwani ana shughuli gani na dubu? Mvuvi huyo huyo ukimuuliza habari za 1998 atakueleza jinsi matumbawe yalivyogeuka meupe na kufa baada ya bahari kupata joto la El Nino, na jinsi samaki walivyohama. Yeye ndiye kijitabu, ila hakuna aliyemfungua.

Lakini hapa pana mtego, ambao ni lazima nikuonye. Somo likisafiri nusu huweza kuleta maradhi mapya. Umemwambia jirani akinge maji ya mvua, naye akapanga mapipa, ndoo na mitungi uani, yote wazi. Umemwondolea chumvi ukamletea mbu.

Nasema hivi kwa sababu yalitokea kwetu. Katikati ya mwaka wa 2004, nikiwa bado mwanafunzi wa udaktari, mji wa Lamu ulipatwa na homa iliyowaangusha watu nyumba kwa nyumba. Ilikuwa chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde na huelezea mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Damu za wakazi wa Lamu zilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba takriban watu 75 kati ya kila 100 walikuwa wameambukizwa.

Wengi hudhani mbu huletwa na mvua. Lamu ilikuwa kinyume. Miezi ile ilikuwa ya ukame na joto lisilo la kawaida, na watafiti walioifuatilia habari hiyo walieleza kwamba huenda maji yaliyowekwa majumbani kwa muda mrefu bila kubadilishwa ndiyo yaliyowalea mbu. Maji yakiadimika, watu huhifadhi. Mbu wa chikungunya, ambaye ni huyo huyo wa homa ya dengi (wengine huiita kidingapopo), hapendi mtaro mchafu. Hupenda maji safi ya mtungini mwako. Ana madoa meupe miguuni na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku humzuia kidogo tu.

Kutoka Lamu homa hiyo ilifika Mombasa kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka wa 2005 ilikuwa visiwa vya Komoro, kisha Mauritius na kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua, na kufikia 2006 ilikuwa imetapakaa India. Itazame njia hiyo kwenye ramani. Ni bahari ile ile ambayo majahazi yamekuwa yakiivuka kwa pepo za kusi na kaskazi tangu enzi za mababu. Homa ilipita bandari kwa bandari. Maneno mepesi ya "funika mtungi wako, usugue kila wiki" hayakuwa na mwendo huo. Mombasa yenyewe ilipigwa na dengi mwaka wa 2013, chikungunya ikarudi kati ya 2017 na 2018, na dengi ikaja tena mwaka wa 2021. Kila mara kliniki yangu hujaa watu wanaoniuliza kama ni ugonjwa mpya.

Nanyi watu wa Lamu, mnisamehe nikiwatolea siri ya bafuni. Katika nyumba za kale za mawe palikuwa na birika la maji ya kuogea, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ilizamishwa bakuli ya kauri ya Kichina, ili maji yakipungua samaki wasikauke. Hakuna semina iliyowafundisha jambo hilo. Siku hizi birika limeachia nafasi pipa la plastiki, na samaki wametoweka pamoja na bakuli yao. Nimeishi na kufanya kazi Pwani miaka mingi kabla ya kulisikia jambo hilo, na nililisikia kwa mgonjwa wangu, si chuoni. Simwambii mtu atie samaki katika maji ya kunywa, wala asitafute samaki wageni wa kuja kumwaga mitoni. Nasema tu kwamba elimu ya kuzuia mbu ilikuwako kisiwani tangu kale, na ingaliweza kuvuka hadi Kisauni na Likoni kama tungaliijali.

Kwa asiye na samaki, kazi ni hii. Kila chombo cha maji kifunikwe kwa kifuniko kinachobana au kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Mara moja kwa wiki, kila kinachoweza kumwagwa kimwagwe, kisha usugue kuta za ndani kwa burashi. Kumwaga bila kusugua hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Wiki moja nimeitaja kwa sababu katika joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10. Vibao vya mitungi ya maua, vifuu vya nazi na matairi uani navyo visisahauliwe.

Na homa ikishaingia nyumbani, usikimbilie aspirini, ibuprofeni wala sindano ya kutuliza maumivu kabla daktari hajahakikisha si dengi, kwani dawa hizo huweza kuzidisha kutokwa damu. Parasetamoli na maji mengi ndiyo ya kuanzia, na kipimo cha malaria kifanywe. Wengi huona homa imeshuka siku ya tatu au ya nne wakashukuru Mungu na kurudi kazini. Siku hizo ndizo za kuangalia sana. Tumbo likiuma kwa nguvu, mgonjwa akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, au akawa mlegevu asiyejielewa, ni hospitali mara moja.

Je, somo linaweza kuvuka kutoka kijiji hadi kijiji? Linaweza, na huko Kwale tumeona. Mwaka wa 2013 wakazi wa Gazi na Makongeni walianza mradi wao wa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za mikoko, na hulipwa na wanunuzi kwa ajili ya hewa ya kaboni ambayo miti na matope yake huihifadhi. Fedha hizo zimewaletea maji na vitabu vya shule. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha mradi wa namna hiyo kwa kufuata njia ya Gazi. Nina hakika kilichowashawishi si bango. Mtu wa Vanga akifika Gazi huona bomba la maji kwa macho yake, na humuuliza mvuvi mwenzake maswali ambayo hangethubutu kumuuliza mtaalamu, kama vile fedha zinakaa kwa nani na wakigombana huamuliwa na nani.

Lugha nayo ina visa vyake. Katika baraza moja nilitumia neno "tabianchi" mara tatu au nne hivi, mzee mmoja akanyoosha mkono: "Daktari, mwanangu, hiyo tabia mbaya ni ya nchi au ni ya sisi wenye nchi?" Watu wakacheka, lakini hakuwa anatania. Nikaliacha neno hilo, nikasema joto, bahari, mvua na kisima, tukaelewana. Siku nyingine nilitayarisha karatasi ya ukurasa mmoja kwa kina mama wajawazito nikaandika wanywe "maji baridi". Pwani, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Jamaa mmoja aliipeleka Nairobi kwa dada yake, naye akanipigia simu kuuliza kama barafu haitamdhuru mtoto tumboni! Karatasi ile ile, Kiswahili kile kile. Sasa nimeandika "maji yasiyo na chumvi", hata kama wazee wanaona nimeharibu lugha.

Kwa hiyo msomaji wangu wa mjini, una kazi hapa, hata kama bomba lako halijakauka na bahari huioni ila kwenye kalenda. Jamaa zako wako Kipini, Ngomeni, Msambweni au Faza. Ukipiga simu kuuliza hali, uliza pia maji wanayokunywa yana ladha gani msimu huu. Akiwapo mjamzito au mzee mwenye shinikizo la damu, mwambie apimwe mara kwa mara kati ya Januari na Machi, visima vinapokolea. Si lazima asafiri hadi mjini. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, na mikoba yao ilikuwa na mashine ya kupima shinikizo la damu. Katika kijiji changu cha mfano yule mhudumu alikuwa nyumba ya nne. Ukiwatumia ujumbe wa simu, utume wa sauti, kwa lahaja yenu, maana bibi asiyesoma atausikiliza na kuwasikilizisha wenzake kisimani. Na wakikujibu kwamba wao wana njia yao ya kupata maji, isikilize kabla ya kuwafundisha ya kwako.

Ile karatasi yangu imesahihishwa mara kadhaa. Sahihisho la mwisho lilitoka kwa yule mama mkwe, ambaye siku hizi ana tangi lake na huzunguka kwenye vijiji vya jirani akieleza habari za maji bila kulipwa na mtu. Nilimsomea nilivyoandika kuhusu kukinga maji ya mvua, akanikatiza. "Hukusema mvua ya kwanza iachwe ipite. Paa limekaa miezi na vumbi na kinyesi cha kunguru, nawe unawaambia watu wakinge tu?" Nikaomba kalamu, nikaongeza.